Kengele Iliponyamaza: Sala ya Kila Siku katika Nchi ya Kongwa

Msafiri atokaye Morogoro kwenda Dodoma kabla ya mapambazuko huikuta Kibaigwa imekwisha amka. Malori ya mahindi yamepanga mstari kando ya barabara kuu, vijana wa kubeba magunia wamejifunga vitambaa vichwani, mama wa chai amewasha moto. Adhana inaita, na muda mfupi baadaye zinalia kengele za makanisa, kila dhehebu na yake. Ukisonga mbele hadi Mbande ukakata kushoto, utafika Kongwa mjini, chini ya milima ya Kiboriani. Hii ni nchi ya Wagogo, na kwa habari ya Injili ni shamba lililolimwa tangu zamani na ndugu zetu Waanglikana. Sisi Walutheri wengi wetu tulikuja baadaye, kwa kufuata kazi, biashara na uhamisho. Basi tunaandika kama wageni waliokaribishwa, na wenye nyumba watatuvumilia tukisimulia habari za mababu zao.

Kilichotusukuma kuandika ni swali la kijana mmoja. Ilikuwa wakati wa Kwaresima, katika jumuiya, na somo la siku lilikuwa juu ya kusali bila kukoma. Kijana huyu hubeba magunia sokoni. Akasema, "Mchungaji, mimi nikiwa na shida nasali, na Mungu ananisikia. Nisipokuwa na shida, kila asubuhi maneno yale yale, si ni kumsumbua tu?" Mzee mmoja wa kanisa akamkumbusha habari za Danieli, aliyefungua dirisha lake na kupiga magoti mara tatu kila siku. Kijana akajibu kwamba Danieli alikuwa na dirisha, yeye ana lori linalomsubiri. Watu wakacheka. Sisi tulijibu kitu fulani, hata hatukumbuki nini, tukafunga kwa sala. Lakini swali lilikwenda nasi nyumbani, kwa sababu ambayo tutaieleza mbele.

Kwanza tumtendee haki kijana huyu. Alichokisema kina mizizi mirefu katika nchi hii. Ugogo ni nchi ya ukame. Mvua ni ya msimu mmoja, huanza kama mwezi Desemba na kwisha Aprili, nayo mara nyingi hudanganya. Uwele na mtama huota, kisha jua hukaa majuma matatu na yote hukauka. Zamani, kila nchi ndogo ya Wagogo ilikuwa na mtemi wake, mwenye kigoda na mawe ya mvua, na kazi yake kubwa haikuwa kupiga vita bali kuiombea nchi mvua na rutuba. Wazee walikwenda kwake, tambiko likafanyika, watu wakangoja mawingu. Wako wahubiri wanaosema haya yalikuwa giza tupu. Sisi hatusemi hivyo. Watu hawa walijua kwamba mvua haitengenezwi na mwanadamu, huombwa. Ila maombi yao makubwa yalifuata msimu na shida, na yaliongozwa na mwenye mamlaka hayo. Mtu wa kawaida hakuwa na agizo la kuamka kila siku na kusema na Mulungu kwa jina lake mwenyewe, mvua iwepo au isiwepo.

Agizo hilo lilikuja na wamisionari. Mwaka 1876 msafara wa chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza, kile ambacho watu wengi hukiita CMS, ulipita njia hii ukielekea Buganda kwa Kabaka Mutesa. Mpwapwa ilikuwa kituo cha misafara yote, palikuwa na maji na chakula, na kuanzia mwaka 1878 misheni ikakaa hapo kwa kudumu. Haikukaa kwa raha. Mwaka 1889, wakati wa vita vya Abushiri na Wajerumani, kituo cha Mpwapwa kilichomwa moto. Kikajengwa tena. Kazi ikaenea polepole kuelekea Kongwa na vijiji vya Ugogo, na kwa miaka mingi waumini walikuwa wachache sana.

Wamisionari hawa hawakuanza na mikutano mikubwa ya maombi. Walianza na kusoma. Kama vile Buganda Wakristo walivyoitwa "basomi", yaani wasomaji, huku nako aliyetaka kubatizwa alifundishwa kwanza herufi, kisha Sala ya Bwana, Imani na Amri Kumi, kisha Injili. Na kila siku kengele ililia. Desturi hii ni ya zamani kuliko misheni. Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1549 kwa mkono wa Askofu Mkuu Thomas Cranmer, kiliweka Sala ya Asubuhi na Sala ya Jioni kwa kila siku ya mwaka. Cranmer alichukua saa nyingi za sala za watawa akazifupisha zikawa mbili tu, ili mkulima na fundi viatu waweze kuzifuata kwa lugha yao. Na mchungaji aliamriwa apige kengele kabla ya kuanza, ili watu waje wasali pamoja naye. Hivyo kengele ya misheni katika Ugogo ilikuwa kengele ya kijiji cha Kiingereza iliyovuka bahari.

Muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Kongwa ilipata chuo cha kuwafunza walimu wa dini. Fedha zilitoka kwa Wakristo wa Dayosisi ya Huron, Kanada, ndiyo maana kikaitwa Chuo cha Huron, na mkuu wake alikuwa Mkanada, T. B. R. Westgate. Ndicho kilichokuja kurithiwa na Chuo cha Theolojia cha Mtakatifu Filipo, ambacho kinajulikana Tanzania nzima. Tunaweza kuiwazia siku ya mwanafunzi wa wakati ule bila kukosea sana, kwa maana vyuo vya namna hii vinafanana: kengele ya kuamka, kengele ya sala, kengele ya darasa, kengele ya shamba, kengele ya sala tena. Mtu anayekaa miaka miwili katika mpango kama huo husali kama anavyopumua.

Kisha vita ikaja. Agosti 1914 Waingereza waliokuwa katika nchi ya Wajerumani wakawa maadui kwa siku moja. Wamisionari wa CMS walikusanywa wakawekwa kizuizini Kiboriani, kwenye milima hii hii tunayoiona kutoka Kongwa, na baadaye wakapelekwa Tabora, wakakaa huko mpaka Wabelgiji walipouteka mji mwezi Septemba 1916. Chuo kikafungwa. Walimu wa Kiafrika nao hawakuachwa. Walishukiwa kuwa wapelelezi kwa sababu tu walikuwa wanafunzi wa Waingereza, na baadhi yao walifungwa na kupigwa. Mmoja wa walimu wa kizazi hicho ni Andrea Mwaka, aliyekuja kuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa misheni hii kuwekewa mikono ya uchungaji, na ambaye leo shule moja pale Dodoma ina jina lake.

Hapa ndipo tunataka msomaji asimame nasi kidogo. Kengele imenyamaza. Mwenye kuipiga yuko Tabora. Hakuna wa kukukagua kama umesali, wala hakuna cheo utakachopata ukisali. Kinyume chake, kuonekana na kitabu cha Waingereza ni hatari. Kisha juu ya vita ikaja njaa. Majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Kisha mvua ikakosekana. Wagogo waliiita njaa hiyo Mtunya, neno lenye maana ya kunyang'anyana. Inakadiriwa kwamba katika wilaya ya Dodoma watu kama 30,000 walikufa kati ya watu 150,000. Mtu mmoja katika kila watano. Hesabu tembe tano unazozijua kijijini kwako, kisha utafakari.

Kama sala katika nchi hii ingekuwa jambo la shida peke yake, tungetarajia mambo mawili. Ama watu wangesali sana wakati wa Mtunya na kuacha mvua iliporudi, ama wangeacha kabisa kwa kuona kwamba wamesali na watoto wamekufa. Bila shaka wako waliofanya hivi na wako waliofanya vile. Lakini kanisa halikufa. Wamisionari walipotoka kizuizini walikuta bado kuna watu wa kuwakusanya, na mwaka 1927, Dayosisi ya Central Tanganyika ilipoanzishwa na Askofu George Chambers kutoka Australia akapewa kuiongoza, alirithi makusanyiko yaliyoongozwa kwa sehemu kubwa na walimu wa Kiafrika. Ni nini kiliwashika miaka ile? Hawakuwa na theolojia kubwa. Walikuwa na Sala ya Bwana, zaburi kadhaa walizozikariri, nyimbo, na mazoea ya kukutana. Yale "maneno yale yale" ya kijana wetu.

Sisi Walutheri tuna habari inayofanana na hii, na ni vizuri tuikumbuke ili tusidhani ni ya majirani tu. Mwaka 1920 wamisionari wetu Wajerumani walirudishwa kwao, na sharika za Usambara, za Kilimanjaro na za nyanda za juu kusini zikabaki mikononi mwa walimu na wazee. Mwaka 1939 na 1940, vita ya pili ilipoanza, Wajerumani wakakamatwa tena, na mzigo ukarudi kwa watu wale wale. Wengi wa walimu hao hawakuwa na vitabu zaidi ya Agano Jipya, kitabu cha nyimbo na Katekisimo Ndogo. Katika Katekisimo hiyo, ya mwaka 1529, Luther aliandika namna fupi sana ya kusali asubuhi na jioni: ishara ya msalaba, Imani, Baba Yetu, sala ndogo ya mistari michache, kisha uende kazini kwa furaha ukiimba, au ulale mara moja bila wasiwasi. Haichukui hata dakika tano. Na hakuiandikia makuhani; aliiandikia baba na mama wa nyumba, waifundishe na kuwasalisha wote walio chini ya dari yao.

Hata hivyo tusiufanye uzoefu kuwa mwokozi. Uko upande wa pili, na historia ya nchi hii inautaja kwa sauti kubwa. Miaka ya 1930 ulitokea Uamsho wa Afrika Mashariki, kutoka Gahini, Rwanda, na Uganda, kwa watu kama Simeoni Nsibambi, daktari Joe Church na William Nagenda. Ukaingia Bukoba, ukawagusa Waanglikana na Walutheri pia. Askofu wetu Josiah Kibira, aliyekuja kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni mwaka 1977, alikuwa mtoto wa Uamsho huo. Ukafika na Dodoma. Festo Kivengere, Mganda aliyekuja kuwa askofu na mhubiri mkubwa, alifundisha shule pale Dodoma katika miaka ya 1940 na 1950. Yohana Omari, aliyewekwa wakfu pale Namirembe mwaka 1955 kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Anglikana katika Tanganyika, alikuwa mmoja wa ndugu hao.

Ujumbe wa Uamsho uliuma hasa watu wa kengele. Uliwaambia: mnasali asubuhi na jioni, na mmechukiana miaka kumi. Mnajua Baba Yetu kwa moyo, na deni la jirani hamjalipa. Watu walisimama wakaungama, wakarudisha majembe ya wizi na fedha za shule, wakapatanishwa Mwafrika na Mzungu. Wako walioona kuwa sala za kitabu hazina maana tena. Ugomvi ulikuwepo, na katika sehemu nyingine za Afrika Mashariki watu waligawanyika kabisa.

Lakini angalia kilichotokea baadaye. Ndugu wa Uamsho walianza kukutana kila juma. Siku maalumu, saa maalumu, namna maalumu: kusoma Neno, kuungama, kushuhudia, kuimba wimbo ule ule wa Kiganda ambao mpaka leo wazee wanaupenda kuliko nyingine zote. Moto ule uliokataa mazoea ulijijengea jiko, maana moto usio na jiko huunguza majani mara moja na kwisha. Wale walioendelea kukutana ndio waliodumu. Tumesikia watu wakilaumu jambo hili, eti Uamsho nao ukawa desturi. Sisi tunaona haikuwa namna nyingine ya kudumu.

Tukiwa Kongwa hatuwezi kuwapita karanga, ingawa tutapita haraka. Mwaka 1947 Waingereza walianza hapa mpango mkubwa wa kulima karanga, kwa matrekta na matingatinga, wakitaka kufyeka ekari zaidi ya milioni tatu katika Tanganyika na nchi jirani. Reli ikachepushwa kutoka Msagali. Udongo wa Kongwa, ambao ukikauka huwa mgumu kama tofali, ulivunja majembe yao. Mvua nayo ikafanya kama kawaida yake. Januari 1951 mpango ukaachwa, na paundi kama milioni 36 zikawa zimepotea. Siku hizi tunapenda sana mikesha mikubwa na juma la maombi lenye vipaza sauti vya kukodi. Hatuipingi, tumeihubiria sisi wenyewe. Lakini mkulima wa Kigogo, mwenye jembe la mkono na mbegu ya uwele, yumo bado katika shamba lile.

Turudi kwa Luther, maana yeye alianguka pande zote mbili. Alipokuwa mtawa aliwajibika kusali sala za saa kila siku. Kazi za kufundisha na kuhubiri zilipomzidi, aliziacha zikarundikana, kisha Jumamosi akajifungia chumbani, bila kula wala kunywa, akazisali zote kwa pamoja. Sala za viporo. Alisimulia baadaye mezani kwake jinsi jambo hilo lilivyomwumiza kichwa na kumnyima usingizi, mpaka akalala kitandani mgonjwa. Na alipofikia deni la miezi mitatu akakata tamaa akaziacha. Mtu huyo huyo, mwaka 1535, aliombwa na kinyozi wake wa Wittenberg, Peter, amfundishe kusali, akamwandikia kijitabu. Humo anamwambia kwamba kinyozi mzuri huweka macho na akili kwenye wembe, akianza kupiga soga huku na huku atamkata mtu pua. Na sala inataka mtu mzima vivyo hivyo. Anamshauri asali asubuhi kabla ya kazi na usiku kabla ya kulala, na ajihadhari na wazo lile la "ngoja saa moja, nimalize hili kwanza".

Sehemu ya habari hii ambayo haisimuliwi sana kanisani ni kwamba Peter, katika Pasaka ya mwaka huo huo, akiwa amelewa mezani, alimchoma kisu mkwewe akamwua. Luther na wenzake walimwombea kwa mtawala asiuawe, akahamishwa kwenda Dessau, akapoteza mali yake. Kijitabu hakikufutwa. Kiliendelea kuchapwa na jina lake ndani. Tunaitaja kwa ajili ya yeyote anayedhani kwamba mazoea ya sala ni cheti cha utakatifu, na pia kwa ajili ya yule aliyeanguka vibaya akaona haya kuanza tena.

Na hapa tuungame la kwetu. Chuo cha theolojia tulichosomea kilikuwa na kengele, na kwa miaka yote ya masomo tulisali asubuhi na jioni bila kukosa. Tukajiona watu wa sala. Mwaka wa kwanza katika usharika, hakukuwa na kengele. Kulikuwa na mazishi, vikao, pikipiki mbovu na simu. Tulisali hadharani karibu kila siku, kwa ajili ya wagonjwa, maharusi na mikutano ya kijiji, na nyumbani tulikuwa hatusali kabisa. Ilichukua miezi kugundua, na aliyegundua ni mke wetu, aliyeuliza kwa upole kama tuliomba kwa watu wengine tu. Ndiyo sababu swali la yule kijana wa magunia lilitunyima usingizi. Tofauti kati yetu naye ilikuwa kwamba yeye alisema kweli.

Tulimtafuta baadaye sokoni, tukakubaliana jambo dogo. Kabla ya gunia la kwanza, akiwa bado amesimama kando ya lori, atasema Baba Yetu moyoni, basi. Sisi nasi tutaisema saa hiyo hiyo, kabla ya kugusa simu. Hatukumwahidi kwamba atajisikia chochote.

Kiangazi cha mwaka huo rimu ya gari iliyokuwa kengele ya mtaa wetu iliibwa. Vyuma chakavu vina bei, na usiku haukuwa na mbalamwezi. Juma la kwanza watu wa sala ya alfajiri walikuja kumi na mmoja, wengi kwa hasira ya wizi. Juma la pili wanne. Asubuhi moja tulikuwa wawili, sisi na bibi mmoja wa Kianglikana, jirani wa kanisa, ambaye hata si msharika wetu. Tulimwuliza amejuaje saa bila kengele. Akatushangaa. Akasema yeye huamka malori yanapowashwa kule barabarani, na kabla ya malori mama yake aliamka kwa jogoo.

Rimu nyingine ilipatikana mwezi wa tatu, kwa mchango. Mzee wa kanisa alipoitundika, waliokuwapo walikuwa saba, na yule kijana alikuwa mmojawapo, ingawa aliondoka kabla ya baraka kwa sababu lori lilipiga honi.